Beethoven: walisema anajisikia, kumbe hasikii

Mu Kiswahili chetu cha mashariki, neno hasikii lina maana mbili. Mtoto mwenye masikio yasiyofanya kazi, hasikii. Mtoto anayetumwa maji na anabaki pale pale amekaa, naye hasikii. Wa kwanza anahurumiwa, wa pili anapigwa. Na mtu mkubwa anayepita barabarani bila kujibu salamu, huyo anapewa neno lingine la ukoo uleule: anajisikia.

Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Ujerumani na kuishi Vienna, mji mkuu wa Austria, alibeba majina hayo yote. Mkali. Mwenye kiburi. Mtu asiyependa watu. Akialikwa, haji. Akija, hasemi. Akisemeshwa, anajibu kitu kingine au anakasirika. Maelezo aliyaandika mwenyewe alipokuwa na miaka 31, akayakunja na kuyaweka kati ya karatasi zake, na watu wa Vienna waliyasoma tu alipokuwa ameisha kuzikwa.

Alibatizwa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1770 mu mji wa Bonn, kando ya mto Rhine. Babu yake alikuwa mkubwa wa muziki ku nyumba ya mtawala wa pale, na baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji wa nyumba hiyohiyo. Baba alipenda pombe. Aliona mtoto ana kipaji, akataka apate pesa haraka: alimwamusha usiku ili acheze kinanda, na alipomwonyesha watu mara ya kwanza, mu mji wa Cologne mwaka wa 1778, tangazo lilisema mtoto ana miaka 6, hali alikuwa na 7. Watoto 7 walizaliwa mu ile nyumba. Vijana 3 tu ndio walifika ukubwani: Ludwig, Kaspar Karl na Johann.

Mwaka wa 1787 alisafiri Vienna kutafuta masomo. Alikuwa na miaka 16. Hakukaa, habari ilimufikia kwamba mama yake anaumwa kifua kikuu, akarudi mbio. Mama alikufa mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na moja mdogo wao wa kike, mtoto ambaye alikuwa na mwaka mmoja na kitu, naye akafuata. Katikati ya vile vifo viwili Ludwig aliandika barua kwa bwana mmoja wa Augsburg aliyemukopesha pesa ya njia. Alikuwa amekawia kumujibu, na deni bado hajalipa. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni tabia mbaya: unasaidiwa, unanyamaza. Mu barua yake kijana alieleza kwamba kifua kilikuwa kinamubana tangu arudi, na kwamba juu ya kifua aliongezewa huzuni ambayo ilimuuma karibu sawa na ugonjwa wenyewe. Hiyo ni barua ya mtoto wa miaka 16. Tena masikio yake wakati ule yalikuwa mazima kabisa. Kwa hiyo wale wanaosema uziwi ndio ulimuletea huzuni, wanasema nusu ya mambo.

Baba alizidi kulewa. Mwaka wa 1789 mtawala aliamua nusu ya mshahara wa Johann ipewe mtoto wake mkubwa. Ludwig akawa baba wa nyumba, na miaka 18 tu.

Mama Breuning

Mu ule mji wa Bonn kulikuwa na mjane mmoja, Helene von Breuning, ambaye watoto wake Ludwig alikuwa anawafundisha piano. Alimupokea sawa mtoto wake, akala pale, akalala pale. Huyo mama anastahili kukumbukwa kuliko wakubwa wengi waliomupa pesa baadaye, kwa sababu ya jambo dogo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya balozi mmoja ambako Ludwig alipaswa kwenda kufundisha. Alikuwa anachukia kufundisha. Mama Breuning alimusukuma aende, kazi ni kazi. Kijana alivuka, akafika ku mlango, na pale miguu ikakataa. Aligeuka, akarudi, akaahidi kwamba kesho atafundisha saa mbili nzima, lakini leo hawezi. Yule balozi alikuwa na haki ya kuona ni dharau. Mama Breuning, yeye alisimama ku dirisha akiangalia, na hakusema ni mvivu wala ana kiburi. Alikuwa na neno lake kwa zile saa ambazo roho ya Ludwig ilikuwa imefungwa: aliziita raptus, yaani amekamatwa. Leo amekamatwa tena, alikuwa anasema, na anamwacha. Hakuwa munganga. Lakini aliweza kutofautisha mtu anayekataa na mtu anayeshindwa, na Ludwig mpaka uzee alimuhesabu kati ya watu waliomulinda.

Mwezi wa kumi na moja 1792 aliondoka Bonn kwenda Vienna, na mwezi uliofuata baba yake alikufa. Hakurudi tena. Mu Vienna alisoma kwa Joseph Haydn, mtunzi mkubwa wa wakati ule. Prince Karl Lichnowsky, tajiri mpenda muziki, akamupa makao nyumbani kwake. Mu miaka michache alikuwa anajulikana mu mji wote kama mpiga piano asiye na mwenzake.

Alijulikana vilevile kwa tabia. Hakuwa mrefu, uso wake ulikuwa na alama za ndui, na Kijerumani chake kilikuwa cha watu wa Rhine. Mu vyumba vya matajiri hakujua kuficha alichokuwa nacho rohoni. Mara moja mama mkwe wa Lichnowsky, bibi mzee wa heshima kubwa, alipiga magoti mbele yake akimuomba acheze, naye Beethoven akabaki amekaa ku kiti na akakataa. Hapo lazima kusema wazi: si kila ukali wake ulitoka ku ugonjwa. Alijua thamani yake, na kuna siku alikuwa na kiburi kweli, kile cha kawaida. Shida ni kwamba watu walipozoea kiburi cha siku moja, walikiona siku zote, hata siku ambazo hakikuwepo.

Karibu mwaka wa 1798 masikio yalianza kulia. Mchana na usiku, mvumo usioisha. Sauti za juu za ala za muziki zilianza kupotea. Mu teatri ilimubidi kukaa karibu kabisa na orkestra ili afahamu waimbaji wanasema nini. Mtu akiongea polepole, alisikia sauti lakini si maneno. Mtu akipiga kelele, ilimuumiza.

Kwa miaka hiyo ya kwanza hakumwambia mtu. Fikiria ni kazi gani aliyokuwa anafanya. Fundi wa mbao anayepoteza masikio anaendelea kukata mbao. Mwanamuziki anayepoteza masikio, wapinzani wake watasema nini? Mu mwezi wa sita 1801 alimufungulia roho rafiki yake wa utoto, munganga Franz Wegeler, na siku chache baadaye rafiki mwingine, Karl Amenda, akiwaomba wote wawili wafunge siri. Wegeler aliandikiwa kwamba karibu miaka miwili Ludwig alikuwa anakwepa mikutano yote ya watu, kwa sababu hakuweza kuwaambia kwamba yeye ni kiziwi. Na kuna jambo lililomushangaza mwenyewe: watu wengi hawakugundua. Walikuwa wameisha zoea kwamba mawazo yake yako mbali, basi kila mara aliposhindwa kujibu, walisema ni ile tabia yake.

Waganga walijaribu walichojua. Mmoja alimutilia mafuta ya lozi ndani ya masikio. Mwingine alimuogesha maji baridi, mwingine maji ya vuguvugu ya mto Danube. Kisha walimufunga ku mikono maganda ya mti unaochoma ngozi, mpaka malengelenge yakatokea na hakuweza kucheza piano mpaka yapone. Masikio hayakurudi. Sababu ya uziwi wake haijapatikana mpaka leo. Mwaka wa 2023 wachunguzi walisoma nywele zake zilizohifadhiwa, wakaona dalili za ugonjwa wa ini ndani ya ukoo na virusi vya homa ya ini B, lakini ku masikio hawakupata jibu.

Kurasa za Heiligenstadt

Mwaka wa 1802 munganga Johann Adam Schmidt alimushauri aondoke Vienna na kupumzisha masikio mahali pa kimya. Alienda Heiligenstadt, kijiji cha mashamba ya mizabibu karibu na mji, na akakaa mpaka mwezi wa kumi.

Mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, kijana wa miaka 17 hivi, alikuja kumutembelea. Wakatembea mu mashamba. Ries alisikia mchungaji anapiga filimbi ya mti, sauti nzuri, akamuonyesha mwalimu wake. Beethoven alisimama, akatega sikio. Hakuna kitu. Nusu saa hivi hakusikia chochote. Ries alimuhurumia, akasema kwamba hata yeye hasikii tena ile filimbi, ingawa alikuwa anaisikia. Uongo huo wa huruma haukusaidia. Mwalimu alinyamaza, uso ukawa mzito, na safari yote ikaisha hivyo.

Tarehe 6 mwezi wa kumi alikaa na kuandika barua kwa wadogo zake wawili, lakini tangu mstari wa kwanza ilionekana anasema na watu wote. Aliwaambia wanamukosea wanaposema ni mwenye chuki, mgumu, adui wa watu, kwa sababu hawajui kilicho nyuma ya yale wanayoyaona. Alieleza kwamba kwa asili alipenda watu na maongezi, lakini alipaswa kujitenga mapema, na kuishi peke yake. Aliposahau na kujaribu kurudi kati ya watu, alirudishwa nyuma na ile aibu: hakuweza kumwambia mtu aongeze sauti, juu yeye ni kiziwi. Namna gani akubali udhaifu wa kile kiungo ambacho kwake kilipaswa kuwa kizuri kuliko cha wengine? Kisha aliandika jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukamatwa na woga wa watu atalitambua. Kila akikaribia kundi, alisema, hofu ya moto ilimushika, hofu ya kwamba hali yake itaonekana.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo matatu, moja juu ya lingine. Sikio lisilosikia. Woga wa kugunduliwa. Na huzuni iliyokuwa imemujua tangu miaka 16. Watu wa nje waliona jambo moja tu: mtu anayegeuza mgongo.

Mu barua ileile alikiri kwamba alifika karibu na kumaliza maisha yake, na kwamba muziki ndio ulimuzuia, kwa sababu aliona hawezi kuondoka kabla hajatoa yote aliyosikia ndani yake. Aliomba pia kwamba akifa, na kama munganga Schmidt bado ni hai, wamuombe aandike habari ya ugonjwa wake, na karatasi hiyo iunganishwe na ile barua, ili angalau kisha kifo watu wapatane naye. Tarehe 10 aliongeza maneno machache ya uchungu zaidi. Alipiga muhuri. Na hakuituma.

Alirudi Vienna, akaanza kazi kwa nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Simfoni ya tatu, ndefu kuliko simfoni yoyote iliyoandikwa mbele yake, ilitungwa mu miaka miwili iliyofuata. Lakini kurasa zile za Heiligenstadt zilibaki siri, na kwa watu, alibaki yuleyule.

Marafiki waliolipa

Njo hapa tunakutana na George Bridgetower. Alikuwa mpiga violini hodari, mwenye asili ya Afrika kwa upande wa baba, aliyekulia Uingereza. Mwezi wa tano 1803 yeye na Beethoven walicheza pamoja Vienna sonata mpya, saa za asubuhi, wino karibu bado mbichi. Beethoven alikuwa ameiandika juu yake na alimupenda sana. Kisha waligombana, na Bridgetower mu uzee wake alisema ni juu ya mwanamke. Beethoven alifuta jina lake na akatoa ile kazi kwa Rodolphe Kreutzer, mpiga violini wa Paris, ambaye hakuicheza hata mara moja. Mpaka leo dunia nzima inaiita sonata ya Kreutzer. Hasira ya siku chache ilimunyanganya mtu mwenye asili ya Afrika nafasi yake mu historia, na hapo huzuni ya Beethoven haitoshi kuwa sababu.

Mwaka wa 1804 alipigana maneno na Stephan von Breuning, mtoto wa yule mama wa Bonn, juu ya pesa ya nyumba: walikuwa wanakaa pamoja, na nyumba ya kwanza ya Beethoven haikuachwa kwa mpango, ikaendelea kulipishwa. Miezi ikapita bila salamu. Kisha walipatana, na Beethoven akamutumia picha yake ndogo iliyochorwa pamoja na barua ya kuomba radhi. Alikuwa hivyo: alitukana haraka, na aliomba radhi kwa machozi, mara kwa mara siku chache tu kisha ugomvi. Waliovumilia ile njia nzima, kutoka tusi mpaka radhi, walibaki marafiki zake. Wengi hawakungoja.

Mwaka wa 1806 Lichnowsky alimuomba acheze mbele ya maofisa wa Ufaransa, ku nyumba yake ya Silesia. Alikataa, akatoka usiku mu mvua akiwa amebeba karatasi za sonata mpya. Alama za maji ziko bado juu ya zile karatasi, zinahifadhiwa Paris. Mwaka huohuo, mu karatasi moja ya kazi, alijiandikia kwamba uziwi wake usiwe siri tena, hata mu muziki. Ilimuchukua miaka 8 hivi kufika hapo.

Mu 1812 alikutana na Goethe, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kijerumani, ku mji wa maji ya moto wa Teplitz. Kuna hadithi maarufu kwamba njiani walipishana na familia ya mfalme, Goethe akainama na Beethoven akapita katikati yao kofia kichwani. Hadithi hiyo inatoka kwa mwanamke mmoja aliyependa kuongeza chumvi, heri kuiweka pembeni. Kile Goethe aliandika kweli kwa rafiki yake kina uzito zaidi. Aliona mtu asiyefugika, anayechukia dunia, na kwa kuichukia haifanyi iwe nzuri, si kwake wala kwa wengine. Lakini Goethe aliongeza kwamba lazima asamehewe na ahurumiwe, kwa sababu masikio yanamutoka, na hilo linaharibu maisha yake kati ya watu kuliko hata muziki wake. Mu wiki chache, mgeni alifahamu jambo ambalo majirani wa Vienna walishindwa kwa miaka.

Mwaka huohuo upendo mkubwa wa maisha yake ulivunjika. Mwaka wa 1813 karibu hakutunga. Nanette Streicher, fundi wa kutengeneza piano, na bwana yake walimukuta mu mji wa Baden hana koti la maana wala shati nzima. Wao ndio walimutafutia nguo na kupanga nyumba yake. Mtunzi mwingine, Louis Spohr, ambaye alikuwa anakula naye ku restora moja, aliona siku nyingi zinapita bila Beethoven kuja. Alipomuuliza kama alikuwa mgonjwa, alipata jibu kwamba viatu ndivyo vilikuwa vigonjwa: alikuwa na jozi moja tu, imepasuka, basi alifungwa nyumbani. Wengine walikuwa wameisha sema hataki watu.

Ni Spohr huyo aliyemusikia akijaribu piano mu 1814. Piano ilikuwa imepoteza sauti, na mwenyewe hakujua. Mahali pa nguvu alipiga mpaka nyuzi zikalia vibaya, mahali pa upole vidole viligusa bila sauti kutoka. Spohr aliondoka na uchungu, na akaandika baadaye kwamba tangu ile siku huzuni ya Beethoven isiyoisha haikuwa tena fumbo kwake.

Kaye na kreyo

Mu 1815 mdogo wake Kaspar Karl alikufa, akaacha mtoto wa kiume wa miaka 9, Karl. Beethoven alimushitaki mama wa mtoto mbele ya tribinali ili amulee yeye, kesi ikaenda mpaka 1820, akashinda. Ule ni ukurasa mbaya wa maisha yake. Alimupenda mtoto kwa namna ya kumubana, na mama alimutukana bila huruma. Mu 1826 Karl, akiwa na miaka 19, alijaribu kujiua, akapona, akasema mjomba wake amemutesa sana. Wanaosema huzuni inageuka mara nyingine kuwa mzigo wa wengine mu nyumba, mfano uko hapa.

Tangu 1818 masikio yalikuwa karibu yamefungwa kabisa, na wageni walianza kumuandikia. Kaye ilikuwa mezani na kreyo kando. Mgeni aliandika, Beethoven alisoma na kujibu kwa mdomo. Kaye kama 139 zimebaki, nyingi ziko Berlin. Ndani mnapatikana bei ya kahawa, habari za siasa, malalamiko juu ya wafanyakazi wa nyumba, na upande mmoja tu wa maongezi, kwa sababu majibu yake yalienda na upepo. Lakini zile kaye zilibadilisha jambo. Siri ilikuwa imeisha. Kila aliyeingia alijua aandike, na mtu aliyesemwa hapendi maongezi alijaza kaye moja kisha nyingine.

Nje ya nyumba, mambo yalibaki magumu. Karibu mwaka wa 1821 alitembea kando ya mfereji akiwa na mawazo yake, akapotea, akafika Wiener Neustadt jioni, nguo zimechakaa, bila kofia, akichungulia mu madirisha ya watu. Polisi ilimukamata kama mzururaji. Alipaza sauti kwamba yeye ni Beethoven, hakuna aliyeamini. Usiku ndipo walimuamsha mwanamuziki mmoja wa mji, akaja, akasema ndiye. Walimupa nguo safi na gari la kumurudisha.

Tarehe 7 mwezi wa tano 1824, simfoni ya tisa ilipigwa Vienna mara ya kwanza. Wimbo wake wa mwisho, juu ya furaha na undugu wa watu wote, ni uleule ambao leo ni wimbo wa Umoja wa Ulaya, na ndio ule ambao orkestra ya Wakimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mu 1994, ilionekana ikiupiga mu filamu ya mwaka wa 2010, na wanamuziki ambao mchana walikuwa wanafanya kazi nyingine kabisa. Ile siku ya Vienna Beethoven alisimama mbele ya orkestra akionyesha mwendo, lakini wapigaji walikuwa wameambiwa wafuate mkono wa kiongozi mwingine, Michael Umlauf. Watu walipiga makofi. Beethoven alikuwa amewapa mgongo, macho ku karatasi. Mtu asiyejua angesema: watu wanakushangilia na hugeuki hata? Mwimbaji kijana, Caroline Unger, miaka 20, alimushika na kumugeuza taratibu. Alipoona mikono, vitambaa na kofia hewani, aliinama. Watu walizidi kupiga makofi, na wengi walilia.

Siku chache kisha pale, ku meza ya chakula aliyowaalika mwenyewe, aliwatupia wasaidizi wake maneno kwamba wamemuibia pesa ya ile konseri. Walisimama na kuondoka. Alibaki na sahani zake.

Alikufa Vienna tarehe 26 mwezi wa tatu 1827, na miaka 56, ini na tumbo vimemulemea kwa miezi. Siku ya maziko, tarehe 29, masomo yalifungwa na watu wanaohesabiwa kufika 20,000 walijaza barabara. Walikuja kumuzika yule waliyemuita mkali. Stephan von Breuning, mtoto wa mama Breuning, yule wa ugomvi wa pesa ya nyumba, ndiye alisimamia mambo yake. Naye alikufa miezi miwili kisha.

Kati ya karatasi za marehemu walipata barua ya Heiligenstadt. Ilikuwa imekaa miaka 25, imehama naye nyumba baada ya nyumba, na alihama mara nyingi sana. Mwezi wa kumi wa mwaka huohuo gazeti la muziki la Leipzig liliichapa, na watu wa Vienna wakasoma maelezo ya kila salamu isiyojibiwa. Munganga Schmidt, aliyeombwa kushuhudia, alikuwa amekufa tangu 1809. Kaspar Karl alikuwa amekufa tangu 1815. Mdogo wa mwisho, Johann, yeye alikuwa bado hai. Mu ile barua, kila mahali palipohitaji jina lake, Ludwig aliacha nafasi tupu.